Nikirudisha theluji barabarani ni kosa, greda likiileta kwangu ni huduma. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye kiti kigumu cha jikoni kwa sababu kochi naliogopa, nikikaa siinuki. Mgongo umegoma tangu alfajiri. Vidole vya mkono wa kushoto vinawaka kama nimevichovya kwenye maji ya moto, ndiyo damu inarudi hiyo. Pole zenu nitazipokea baadaye, kwanza nisomeni.

Leo nimeamka saa kumi alfajiri. Theluji ilianza jana jioni, na nilipofungua mlango ilikuwa imefika sentimita 20, ile kavu, nyepesi, ukiipuliza inaruka kama unga. Hiyo sina ugomvi nayo. Imeanguka kwangu, imeanguka kwa jirani, haina upendeleo. Nikavaa buti, nikavaa glavu za sufu na juu yake za ngozi, nikachukua beleshi, nikaanzia mlangoni kushuka barabarani. Njia yangu ya gari ina upana wa mita 5 na urefu wa mita 12. Unasukuma, hunyanyui. Unasukuma hadi ukingoni, unamwaga, unarudi. Baada ya saa moja na robo sakafu yote ilikuwa inaonekana, nyeusi kabisa, nikaipitia na ufagio hadi pembeni, maana mimi kazi ya nusu nusu inaniumiza roho. Nikasimama pale njia inapokutana na barabara, nimeegemea mpini, mvuke unanitoka puani kama ng'ombe wa kulimia, naitazama kazi yangu nimeridhika.

Ndipo taa ya njano inayozunguka ikakata kona.

Mnaojua mnajua. Kwa ambao hayajawakuta: lile lori la mji la kusafisha theluji barabarani lina bapa la chuma mbele kama la greda, ndiyo maana nyumbani kwangu tunaliita greda tu. Bapa limekaa mshazari, ili theluji isijirundike mbele ya gari bali iviringike na kutokea upande mmoja, ukingoni mwa barabara. Penye kichuguu cha theluji ya zamani ukingoni, theluji mpya inakosa pa kwenda, inazidi kukusanyika kwenye bapa na kusonga mbele na gari. Sasa ikifika kwenye mdomo wa njia ya mtu, pako wazi, pameshasafishwa na mjinga mmoja tangu saa kumi. Mzigo wote uliokokotwa mbele ya nyumba tatu zilizotangulia unapata pa kujimwaga. Kwangu.

Dereva alinipungia mkono. Na mimi, kwa malezi niliyopewa, nikampungia.

Hakuchukua hata sekunde tano, akapita. Nikabaki natazama ukuta umenipita magoti, umeziba njia kutoka pembe hadi pembe, wa rangi ya majivu, umejaa mabonge ya barafu mengine ukubwa wa kichwa cha mtu.

Msije mkasema nadeka. Nimepiga hesabu. Theluji kavu iliyoanguka usiku huo huo mara nyingi haizidi kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Njia yangu yote, mita 60 za mraba kwa kina cha sentimita 20, ni mita 12 za ujazo, yaani kama tani moja na kidogo. Lakini theluji ya greda imepondwa, imeshindiliwa, hewa yote imetoka, imechanganyika na barafu na matope ya barabarani. Hiyo inafika kilo 400 kwa mita ya ujazo bila taabu. Ukuta wa leo ulikuwa na urefu wa mita 5, unene mita moja, kimo nusu mita. Mita mbili na nusu za ujazo. Tani moja! Yaani mita ile moja ya mwisho peke yake inakaribia uzito wa mita zote 12 nilizokwisha kumaliza. Na hii haisukumiki. Unaikata vipande kwa ncha ya beleshi, unanyanyua, unatupa juu ya kichuguu cha wiki iliyopita ambacho sasa kinanifika kifuani.

Kwa hasira nikaingia ndani nikachukua mizani ya bafuni. Beleshi likiwa na theluji kavu, kilo 4. Beleshi likiwa na uchafu wa greda, kilo 11. Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama napima theluji kwa mizani saa kumi na mbili asubuhi. Hakusema kitu, alifunga pazia.

Na hapo kwenye huo ukuta ndipo watu wanapofia, sitanii. Baridi inabana mishipa ya damu, unanyanyua mzigo kwa mikono huku miguu imesimama, unabana pumzi bila kujijua, presha inapanda ghafla, na moyo uliokuwa umelala nusu saa iliyopita unaambiwa ukimbie. Kuna utafiti wa Quebec, Kanada, ulichapishwa mwaka 2017. Walipitia kumbukumbu za hospitali za miaka mingi, wakakuta wanaume wanalazwa na kufa kwa shambulio la moyo zaidi siku inayofuata theluji nzito. Kwa wanawake hawakuliona hilo, na wakahisi beleshi lina mkono wake hapo. Kwa hiyo yule anayekuja kila mwaka na "si mazoezi hayo mkuu", naomba leo apite kimya. Mazoezi gani ya kunyanyua tani moja hujanawa hata uso?

Bado sijafika kwenye kilichonitoa povu.

Nilipouona ule ukuta nilifanya ambacho mtu yeyote angefanya: beleshi la kwanza nikalirudisha lilikotoka, barabarani. La pili. La tatu. Mzee wa ng'ambo akafungua dirisha, akanipigia kelele kwamba wakinikuta wananiandikia faini. Nikadhani anatania. Nikaingia kusoma sheria ndogo za mji, na kweli ipo, kama ilivyo kwenye miji mingi ya baridi: ni marufuku mwenye nyumba kutupa theluji barabarani. Sababu yao naielewa, gari likiparamia bonge gizani ni ajali. Na chini yake kuna kifungu kingine kwamba njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yangu ni juu yangu, nisipoisafisha kwa wakati ni faini nyingine.

Nikapiga simu ofisi ya mji. Nilisubiri dakika 25 nasikiliza muziki.

"Theluji iliyo kwenye njia yako ni ya kwako," dada akaniambia, kwa sauti nzuri tu.

"Haikuwa yangu. Mmeileta nyinyi, nimesimama naona."

"Ikishakuwa kwenye njia yako ni ya kwako."

"Kwa hiyo nikiisogeza mita mbili inakuwa ya kwenu?"

"Ukiisogeza mita mbili inakuwa kosa."

Wakuu, nilikosa la kusema. Dada wa watu hana kosa, karatasi ameandikiwa. Lakini hebu pimeni. Theluji ile ile, bonge lile lile. Likienda kulia ni huduma kwa mwananchi, likienda kushoto ni uhalifu. Kodi nalipa, na sehemu ya kodi hiyo ndiyo inanunua mafuta ya lile lori. Nalipia kuzibiwa mlango.

Najua mtakuja na mbinu ya mfuko. Naijua, nimeifanya. Unasimama unatazama barabara, upande ambao greda hutokea unasafisha ukingo wa barabara kabla ya kufika kwenye njia yako, mita tatu nne hivi, ili bapa lijimwage mle na kufika mdomoni kwako jepesi. Na theluji yako yote unaitupa upande wa pili, kule greda linakoelekea, usije ukaikuta imekokotwa na greda kurudi kwako. Mbinu nzuri, naipa heshima zake. Wiki iliyopita nilichimba mfuko huo kwa dakika 40, safi, kama kaburi la tajiri. Asubuhi nikaamka nikakuta mtu kaegesha gari humo! Kaona nafasi imesafishwa, akashukuru Mungu, akazima injini, akaenda kulala. Greda likalikwepa gari, likarudi ukingoni palipoanzia njia yangu, likashusha vyote kwa mpigo mmoja. Mfuko nilichimba mimi, faida akala mtu nisiyemjua hata sura.

Chumvi nayo ni hadithi nyingine. Jana usiku ilikuwa nyuzi hasi 17. Chumvi ya kawaida, ile ya mawe, baridi ikishapita kama nyuzi hasi 9 haina kazi ya maana, inakaa juu ya barafu kama kokoto. Kwa baridi kama hii ni kalsiamu kloraidi, hiyo inakwenda hadi chini ya hasi 25, au basi umwage mchanga upate pa kukanyagia. Sasa mtaani kwetu kila mtu anamwaga chumvi ya kawaida tena kwa ndoo, barafu haiyeyuki, zege linaanza kubanduka, nyasi za pembeni zinakufa, na mbwa wa jirani anatembea kwa miguu mitatu kwa zamu. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ipo. Kuna kifaa, ni kama geti la chuma linalofungwa mwishoni mwa bapa. Dereva akikaribia mdomo wa njia anabonyeza, geti linashuka, linazuia theluji isitoke, akishapita analinyanyua, mzigo unamwagika mbele kwenye nyasi. Kuna miji imekitumia. Ubaya wake ni kwamba lori linakwenda polepole na kazi ya mji inachelewa. Sawa, nakubali. Lakini saa hizo wanazookoa wao hazipotei hewani, zinagawanywa kwetu. Mtaa wangu una nyumba 31. Kila mdomo ni dakika 45 za mtu na mgongo wake. Zidisheni wenyewe. Na mle ndani kuna bibi wa nyumba ya mwisho, anatembelea mkongojo. Leo nimemkuta ametoka na kijiko kikubwa cha bustani anauchokoa ule ukuta. Nikamnyang'anya, nikamfanyia, ndiyo maana mgongo wangu uko hivi. Yangu peke yake ningeistahimili.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Wengi mnasema "nunua mashine ya kurusha theluji, acha ushamba". Hiyo mashine ninayo, ya mkopo kwa shemeji. Theluji kavu inairusha vizuri. Ukiipeleka kwenye tope la greda inakohoa mara mbili, mdomo unaziba, inasimama. Hapo sasa ndipo mtu anazima injini anaingiza mkono kuzibua. Jamani, msiingize mkono! Hata injini ikiwa imezimwa, vile visu vinaweza kuwa vimebanwa na bado vina nguvu ya kuzunguka, ukiondoa bonge vinaruka. Fundi ninayemfahamu hana ncha za vidole viwili kwa kosa hilo hilo. Tumia fimbo. Na usiiwashe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, moshi wake una gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu ya kukuonya ikizidi. Na wewe unayewasha gari lipate joto huku unachimba, kwanza zibua bomba la moshi nyuma, likifunikwa na theluji hewa ya sumu inaweza kuingia ndani walikokaa watoto.

Aliyeuliza kwa nini nisisubiri greda lipite kwanza ndipo nitoke: kwa sababu halina saa. Juzi lilipita saa tatu usiku, leo saa kumi na moja na nusu, na wiki jana lilipita mara mbili, la pili likiwa limekuja "kupanua". Kazini kwangu hawapokei udhuru wa greda, nimeshajaribu.

Na aliyesema nipake mafuta kwenye beleshi, asante, hiyo kweli inasaidia. Nta ya mshumaa nayo inafanya kazi, theluji haigandi kwenye beleshi. Ni ushauri pekee wa maana niliopata hapa tangu asubuhi.

Alhamisi kuna kikao cha mtaa na nimeandikisha jina langu kuzungumza dakika tatu. Mwenye picha au video ya lile geti likifanya kazi aniwekee hapa kabla ya siku hiyo, nikawaoneshe, maana nikieleza kwa mdomo watasema nimeota. Na wewe mwenye gari dogo la rangi ya fedha uliyeegesha mfukoni mwangu, kama unapita humu: beleshi la pili lipo barazani, mpini wa bluu.