Mtoto hapigwi ila anaona mama yake anavyopigwa, sheria inasemaje?

mamdogo_tz: Habari za jioni wakuu, naomba msaada hasa kwa wanaojua sheria. Dada yangu yuko Mbagala, Dar, mumewe akilewa anampiga na mtoto wao wa miaka sita anashuhudia kila kitu, siku hizi akisikia geti tu anazima tivii anaingia uvunguni, hata kama ni muuza maji kaja. Shemeji anajitetea "mtoto mbona sijawahi kumgusa". Dada anaogopa akiondoka atanyang'anywa mtoto maana hana kazi. Polisi watatusikiliza kweli wakati mtoto hana hata alama?

mzee wa mtaa: Ndoa za watu kaa nazo mbali, kesho wanapatana wewe ndo unaonekana mchawi.

wakili msoto: Mzee acha hizo. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inamtaka yeyote kwenye jamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki aripoti serikali za mitaa, kwa hiyo huyu sio mmbea. Alama sio lazima, sheria hiyohiyo inahesabu na madhara ya kihisia. Kumchapa mke nako kumekatazwa toka Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66. Mtoto akiwa chini ya miaka saba mahakama inaanza kwa kuchukulia kwamba bora akae na mama, baba ndo alete sababu za kupinga, na matunzo anaweza kuamriwa atoe. Halafu asisubiri talaka, maombi ya kukaa na mtoto yanapelekwa Mahakama ya Watoto hata ndoa ikiwepo.

bi tausi: Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, ripoti yake ndo hakimu anaisoma. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pia aende, ila asiende peke yake, mimi waliniambia nenda mkayamalize nyumbani, nikarudi na mama mkwe (ndio, mama yake huyo mwanaume!) ndo wakaandika na PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) nikapewa. Akipigwa usiku mpigie 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

mamdogo_tz: Ahsanteni sana. Ila mwezi wa nane anatimiza saba, ndo basi tena?

wakili msoto: Hapana, hapo wanaangalia maslahi ya mtoto, na akiweza kujieleza anasikilizwa anataka kukaa na nani. Ila nendeni wiki hii, mwezi wa nane wa nini?