Mgahawa wa Kiitaliano wa hotelini: kama hujalala humo, wewe si mteja?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Jina la mgahawa nalihifadhi, ila ni ule wa mtaani uliounganishwa na hoteli, mlango mmoja unatazama barabara, mwingine mapokezi.

Tumeingia na mke wangu, hata karibu hatukuambiwa. Swali la kwanza: "Chumba namba ngapi?" Nikasema sisi ni majirani tu, tumekuja kula. Tukapelekwa meza iliyobanana na mlango wa jikoni. Meza za dirishani tupu, eti ni za wageni wa hoteli. Mpaka tunaondoka hao wageni hatukuwaona.

Nikaagiza carbonara. Ikaja tambi inaogelea kwenye krimu! Carbonara ya Roma haina krimu jamani. Ni mayai, jibini ya pecorino, guanciale (nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi) na pilipili manga, basi. Ule uzito laini unatokana na mayai na jibini kukorogwa na maji kidogo ya kuchemshia tambi, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, la sivyo mayai yanaganda mabonge. Ni kazi ya dakika chache, lakini inataka mpishi asimame pale pale. Krimu haina shida hizo. Unapika sosi mchana, usiku unapasha, unamwaga juu ya tambi, unapiga kengele.

Risotto ya mke wangu (wali wa Kiitaliano wa rojorojo) ndiyo iliyonimaliza. Ilifika tukiwa bado tunamega mkate. Mchele ule ukiwa mbichi unataka dakika 18 hivi za kuongezewa supu kidogo kidogo huku unakorogwa, na ukiwekwa sahani unatakiwa utambae. Huu ulisimama kama kichuguu. Tiramisu (kitindamlo cha biskuti, kahawa na jibini laini) ilikuwa na barafu katikati, sina la kuongeza. Kwa haki, mkate ulikuwa mzuri.

Nikamwita msimamizi. Jibu lake: "Wageni wetu hawajawahi kulalamika."

Watalalamika saa ngapi? Mtu kafika usiku amechoka, hajui mji, anakula kilicho karibu na lifti, bili inaandikwa kwenye chumba, mara nyingi analipa mwajiri, alfajiri yuko njiani. Jikoni wanajua hatarudi, na wamezoea kupika hivyo. Sisi wa mtaani ndio tungerudi kila mwezi na kuleta ndugu, na ndio tunaokalishwa mlangoni pa jiko. Halafu kwenye bili ada ya huduma imeshapachikwa, na mhudumu bado kasimama anasubiri bakshishi. Huduma ipi?

Nilipouliza niandike malalamiko kwa nani, mgahawa wakasema nenda mapokezi, mapokezi wakasema mgahawa una uongozi wake. Waliowahi kufanya kazi hotelini mnisaidie: migahawa ya namna hii huwa ya hoteli yenyewe au ni wapangaji tu? Barua ninayo tayari, nakosa wa kumkabidhi.