Mrejesho: lebo mpya kwenye vipimo vya Istio

Wakuu, salaam kutoka Nairobi. Niliuliza hapa jinsi ya kufanya istio_requests_total, kipimo cha Istio (mfumo unaosimamia mawasiliano kati ya huduma) kinachohesabu maombi, itenganishe maombi ya GET (ya kusoma data) na ya POST (ya kutuma data) kwenye huduma zetu za malipo, bila kugusa msimbo (code) wa huduma zenyewe. Asanteni, imekubali.

Nilitumia rasilimali ya Telemetry, yaani usanidi wa Istio unaoamua vipimo vikusanywe vipi, kama mlivyoshauri. Chini ya tagOverrides niliweka lebo request_method yenye thamani request.method, kwa REQUEST_COUNT (jina la kipimo hicho hicho ndani ya Telemetry) peke yake. Niliiweka kwenye neimspesi (namespace, kundi la huduma) ya malipo kwanza, si istio-system, maana ya istio-system inashika meshi nzima, yaani huduma zote zilizo chini ya Istio, na sikutaka kuamsha wenzangu usiku. Podi (pods, zinamoendeshwa huduma) hazikuhitaji kuwashwa upya.

Kuna aliyependekeza niongeze pia request.url_path, yaani njia (path) ya URL ya kila ombi, kama lebo. Hapo nimekataa, samahani mkuu. Njia zetu hubeba namba ya akaunti, kwa hiyo kila mteja angezaa mfululizo wake wa takwimu ndani ya Prometheus (hifadhidata ya vipimo), na kumbukumbu ingejaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Badala yake nimepunguza: lebo ambazo hakuna anayezisoma nimeziondoa kwa REMOVE. Wazo la kuzima vipimo vya upande wa CLIENT (mtumaji wa ombi) nimeliacha. Ni kweli kila ombi huhesabiwa pande zote mbili, lakini ombi lisilofika kabisa huonekana kwa mtumaji tu, na kwenye malipo hayo ndiyo ninayoyatafuta.

Kilichobaki ni dashibodi za Grafana, zinazoonyesha vipimo hivi kwa grafu. Baadhi zilitegemea lebo nilizoziondoa, nazirekebisha wiki hii.