Tupeane uzoefu: buti zako za mvua zilianza kuvuja wapi?

Wakuu, habari za masika.

Mimi ni afisa ugani wilayani Rungwe. Anayeijua Tukuyu anaelewa: mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, na siku nyingi natembea kilomita nane au kumi kati ya migomba na chai, kwa sababu tope likikolea pikipiki haifiki. Huu ni mwaka wangu wa nne na nimeshamaliza gambuti jozi tatu. Zote zimekufa mahali pamoja, pale zinapokunjika juu ya vidole. Soli bado ina meno, shina bado zima, lakini mkunjo umechanika na kila hatua maji yanaingia. Nahisi tunanunua buti kwa kuangalia unene na bei, bila kuangalia ni wapi zitachokea. Naomba mwenye uzoefu aseme: zako zilianza kuvuja wapi, baada ya muda gani, na sasa unavaa nini?

*Mkulima wa mpunga, Kilombero*

Kaka, majaruba yananyonya buti. Ukivuta, mguu unatoka, buti inabaki chini. Nilikuwa nachukua saizi moja zaidi ili nivae soksi nene, nikaacha. Kwa shamba la maji chukua inayobana kifundo. Na usiingie kwenye maji yanayozidi urefu wa buti. Yakishamiminikia ndani, umesimama kutwa nzima kwenye maji yale yale ya konokono. Kichocho hupenya ngozi, hakisubiri kidonda. Mimi nilitibiwa mwaka juzi.

*Mfugaji, Kinangop*

Huku Kenya tuko juu ya mita 2,400 na asubuhi za Julai ni baridi kweli. Gambuti za plastiki zikipoa zinakakamaa kama ubao, ukianza kutembea mkunjo unapasuka. Zangu mbili ziliishia hapo hapo pa kwako, hata mwaka haujaisha. Za mpira wenyewe ni nzito na bei iko juu, lakini hubaki laini hata kukiwa na baridi. Nina jozi tangu 2019. Adui yake ni jua: usianike nje ukaisahau.

*Fundi viatu, Mbeya mjini*

Huyo wa Kinangop amegusa penyewe. Wateja wengi hawajui wameshika nini. Mpira una harufu ya tyubu mpya, ukiukunja unarudi haraka. Plastiki ni nyepesi na inarudi polepole. Kama buti ni yako tayari, gusa ukingo wa juu kwa pini ya moto: plastiki inayeyuka, mpira unaungua bila kuyeyuka. Hii ina maana kubwa siku ya kuziba. Mpira nauziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli na solusheni, nikishausugua vizuri kwa msasa, na kinashika. Plastiki solusheni haishiki, inabidi kuchomea kwa kisu cha moto, na kwenye mkunjo kidonda hicho hufunguka tena.

*Mgumu, Moshi*

Nabeba mizigo Kilimanjaro, mwaka wa 11 huu. Njia ya Machame, kutoka getini kwenye mita kama 1,800 hadi kambi ya kwanza karibu na 3,000, sehemu kubwa ni msitu wa mvua, tope na mizizi. Mbele yake ni mawe, kwa hiyo gambuti haikufikishi, kifundo kinataka kushikwa.

Nilipata buti za ngozi za mtumba, hazijachubuka popote, nikaona nimepata bahati. Siku ya pili soli iliachia yote kama ganda la chungwa, na ndani yake ikawa inamong'onyoka. Nilifunga kamba hadi kambi ya Barranco, na mzigo kichwani. Mzee mmoja wa kazi akanieleza kwamba soli zile za povu huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa, hata zikikaa kabatini. Buti iliyolala miaka mingi inaweza kuwa mbovu kuliko iliyovaliwa. Tangu hapo nabonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, juu ya kisigino. Ikitoa unga au shimo likibaki, naiacha hata iwe inang'aa vipi. Nikipata iliyoshonwa soli pembeni naipenda zaidi, fundi anaweza kuibadilisha.

Halafu kukausha. Vijana wakishuka wanaziweka jikoni. Ngozi inakakamaa na kupasuka, gundi inalegea. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yakilowa badilisha, weka kivulini penye upepo. Ngozi ikishakauka ndipo uipake nta. Na za kitambaa chenye utando wa kuzuia maji zioshwe tope. Likiganda nje, jasho halitoki, soksi zinalowa na mtu anadhani buti inavuja.

*Mhudumu wa afya ya jamii, Lushoto*

Jamani na sisi wenye miguu midogo? Duka la kwetu gambuti za watu wazima zinaanzia saizi 6, mimi navaa 4. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele, nimeshapoteza kucha mbili za vidole gumba. Mwisho nilichukua za watoto wa shule, ni fupi lakini zinanikaa, na kwa umande na tope la njiani zinatosha. Ukijaribu dukani, simama kwenye ngazi umeelekea chini. Kidole kikigusa mbele, hiyo siyo yako.

*Afisa ugani*

Asante dada, hilo la ngazi sikuwahi kulifikiria. Fundi, jozi yangu ya mwisho nimeichoma pini jioni hii, imeyeyuka. Kumbe huenda zote tatu zilikuwa plastiki. Jumamosi naenda Mbeya kutafuta za mpira. Nitarudi masika ijayo kuwaambia mkunjo umefikia wapi.