Mtoto anaziba masikio, na Idi tunakwenda kwa bibi

Mama K: Wapendwa, tutakuwa watu kama 30, na spika uani tangu asubuhi. Mtoto ana miaka 5, analia akishikwashikwa. Nimwandaeje?

Mwl. Chekechea: Fikeni mapema. Nyumba ikijaa taratibu, naye anazoea taratibu. Kinachomvuruga ni kukuta watu 30 kwa mpigo. Siku 2 kabla mwonyeshe picha za ndugu kwenye simu: huyu shangazi, huyu mjomba. Omba chumba kimoja, tandika mkeka, weka kanga aliyoizoea. Mpeleke humo dakika 10 kila baada ya saa moja, KABLA hajalia. Ukisubiri alie kwanza, ataona chumba ni adhabu.

Fundi Cherehani: Msisahau nguo mpya! Kanzu ya dukani mara nyingi huwa na wanga. Ifue mara 2, kata lebo ya shingoni hadi kwenye mshono (kijipande kikibaki kinachoma kuliko lebo yenyewe), ndani mvalishe fulana ya pamba.

Bi Mkubwa: Vita vipo kwenye salamu. Mpigie bibi leo: “Mama, mjukuu wako atakuamkia na kukupa mkono, ila kumkumbatia tusimlazimishe.” Shikamoo imetoka, heshima ipo. Na akipata wali mweupe badala ya pilau, mwacheni ale.

Mama K: Asanteni. Na spika je?

Mwl. Chekechea: Kaeni nyuma yake, mbali. Vifuniko vya masikio vinasaidia, ila avizoee nyumbani siku 3 kabla. Akivalishwa siku hiyohiyo atavivua.