Naomba ushauri: niwafundisheje wanafunzi kuhusu akina Lee wa Virginia?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia, na Jumatatu naendelea na Mapinduzi ya Marekani. Nimekwama kwa akina Lee, familia ya koloni la Virginia. Richard Henry Lee ndiye aliyetoa hoja kwenye Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, Juni 7, 1776, makoloni hayo yawe huru kutoka Uingereza. Yeye na mdogo wake Francis Lightfoot ndio ndugu wa damu pekee waliotia saini Azimio la Uhuru. Lakini nyumbani walimiliki watumwa! Na huyohuyo Richard, mwaka 1759, alishapinga kuingizwa kwa watumwa Virginia.

Binti mmoja wa dawati la mbele aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mwalimu, uhuru wa nani?" Nikabaki na chaki mkononi. Nianze na swali lake, au kwanza nimalize mtiririko wa matukio? Mliowahi kufundisha mada hii, nisaidieni.