Mrejesho: kukaza koleti kwa upepo kwenye mashine ya milingi ya zamani

Ndugu mafundi, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kukaza fimbo ya koleti za R8 (koleti ni kishikio cha chombo cha kukatia, R8 ni aina yake, na fimbo ndiyo huivuta juu ili ikaze) kwenye Bridgeport yangu ya zamani, yaani mashine ya milingi ya kukatia chuma, bila kupanda juu na spana kila mara. Nilifuata ushauri wa kufunga spana ya upepo, inayoendeshwa kwa hewa iliyogandamizwa, juu ya kichwa cha mashine, ikiwa na springi zinazoinyanyua ili soketi isiguse fimbo wakati spindo (mhimili unaoshika koleti) inazunguka, na kukaza sasa ni kazi ya sekunde chache. Kulegeza bado hakujakamilika: fimbo inafunguka, lakini mara nyingine koleti hubaki imenasa, nami huigonga fimbo kidogo kwa nyundo ya shaba. Kupunguza mgandamizo wa hewa wakati wa kukaza kumesaidia sana, kwa hiyo atakayefuata aweke regyuleta (kifaa cha kurekebisha mgandamizo wa hewa) tangu mwanzo.